Mekapu ya kila siku kwenye joto la Tanga: niliyozungumza na kina dada pale Ngamiani

Wapo walioniomba niandike yale niliyozungumza kwenye kikundi maana hawakuweza kufika, haya hapa, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalam aleykum, na wenzetu Bwana asifiwe. Shikamooni mama zangu mliokaa huku mbele, na nyie wadogo zangu mliojibanza kule mlangoni mambo zenu, sogeeni jamani nafasi ipo. Nawashukuru viongozi wa kikundi kwa kunialika, nimeambiwa nikimaliza mnaendelea na marejesho yenu kwa hiyo sizunguki sana.

Kazi yangu wengi mnaijua, napamba maharusi hapa hapa Ngamiani, na nimeombwa nizungumzie mekapu ya kila siku. Naomba tuanze kwa kutenganisha hivi vitu viwili maana hapa ndo shida yote inapoanzia. Mekapu ya bibi harusi inapakwa ili mtu aliyekaa mwisho wa ukumbi amuone, kuna mataa, kuna kamera ya video, kuna feni limemuelekea yeye peke yake, na kuna mtu kasimama pembeni na tishu kazi yake kumpangusa. Sasa mdada anaichukua ile ile, matabaka yale yale, anaenda nayo kazini, au sokoni Mgandini, au anapanda nayo baiskeli mpaka Makorora saa saba mchana mwezi wa pili kaskazi imeshika kweli kweli, ikifika saa nane fandesheni imejikusanya kwenye mistari ya mdomo, wanja umeshuka, poda imefanya mabaka, alafu anakuja kuniambia dada mi mekapu hainikubali. Inakukubali sana mdogo wangu, ila umevaa ya shughuli nyingine.

Mi nataka mtu atoke hapa akiwa anajua kuusoma uso wake mwenyewe kabla hajaenda dukani. Basi. Ukishausoma utakuta unahitaji vitu vinne vitano tu, na vingine vyote unavyoonyeshwa kwenye simu ni vya uso wa mtu mwingine.

Tuanze na kuusoma. Kesho asubuhi nawa uso wako na sabuni laini, usipake chochote, chukua kioo ukae kibarazani au karibu na dirisha, mwanga wa mchana lakini jua lisikupige moja kwa moja. Usitumie taa ya chumbani, taa inadanganya, ile ya njano inakufanya unaonekana umeiva na ile nyeupe inakufanya unaonekana kama unaumwa. Alafu angalia taratibu, paji la uso lina rangi gani ukilinganisha na mashavu, kuzunguka mdomo pamekolea weusi au hapana, chini ya macho pakoje, mdomo wa juu na wa chini vina rangi moja au viwili tofauti. Kaa kama nusu saa hivi uangalie tena mafuta yanatokea wapi, wengi wetu ni paji, pua na kidevu, mashavu yanabaki makavu. Ngozi yetu ya Kiafrika haina rangi moja uso mzima, ndivyo ilivyo, melanini, yaani ile inayoipa ngozi weusi wake, haijagawanywa sawa kila mahali na jua linaongeza pale linapopiga zaidi. Kwa hiyo ukiona paji lako limekolea kuliko shavu usidhani una ugonjwa na usianze kulisugua.

Sasa rangi ya fandesheni. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Mtu anaingia dukani anasema mi maji ya kunde nipe ya maji ya kunde. Mama, maji ya kunde wako wa kila namna, kuna mwenye unjano ndani, kuna mwenye wekundu, kuna aliye katikati. Na weusi hivyo hivyo, kuna weusi wenye wekundu ndani na kuna ule weusi unaokwenda kwenye bluu, wote wawili ni weusi wazuri lakini ukiwapaka chupa moja mmoja atapendeza na mwenzie ataonekana kajipaka jivu. Zile habari za kuangalia mishipa ya mkono kama ni ya kijani au ya bluu kwa ngozi nyeusi hazisaidii sana maana mishipa yenyewe wengine haionekani. Usipime mgongoni mwa mkono pia, mkono wako na uso wako havijawahi kuwa rangi moja, mkono unapigwa jua siku nzima.

Pima kwenye taya. Chora mistari mitatu midogo ya rangi tatu zinazokaribiana, kuanzia shavuni kushuka mpaka mwanzo wa shingo, alafu toka nje ya duka usimame kama dakika kumi. Muuzaji mzuri hatokasirika. Zile dakika kumi zina sababu, fandesheni nyingi zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi zinakolea, kwa hiyo ile uliyoiona sawa kwenye kioo cha dukani nje inakuwa imeshageuka. Ule mstari ambao ukiutafuta huuoni ndo wako. Na kama paji lako limekolea kuliko mashavu, fuata taya na shingo, paji utalisawazisha kwa kupaka kidogo sana. Nyie mnaovaa ushungi msiseme shingo yangu haionekani kwa hiyo nachukua yoyote, taya lipo linaonekana na mikono ipo.

Mtaniuliza kwa nini kupata rangi yetu ni kazi hivi. Kwa miaka mingi wenye viwanda hawakuwa wanatufikiria. Iman, yule mwanamitindo Msomali, ameshasimulia jinsi alivyofika Marekani miaka ya 70 na kuulizwa na mpakaji kama amekuja na fandesheni yake mwenyewe, maana pale hapakuwa na ya kwake. Mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vyake. Kabla yake 1973 kulikuwa na Fashion Fair ya Eunice Johnson kule Chicago, ya wanawake weusi. Alafu 2017 Rihanna akatoa Fenty Beauty na rangi 40 za fandesheni kwa mpigo, ndo na makampuni mengine yakaanza kukimbizana kuongeza rangi za kukolea. Kwa hiyo mdogo wangu ukikosa rangi yako kwenye duka usijiangalie wewe kama ndo mwenye kasoro, ni mzigo uliokuja dukani ndo haukukufikiria.

Na lile jivu linatoka wapi? Ndani ya fandesheni kuna unga wa rangi, mwekundu, wa njano na mweusi ambao asili yake ni kutu ya chuma, na kuna mweupe unaoitwa titani dioksaidi. Ule mweupe ndo unaofunika madoa lakini ukizidi kwenye ngozi nyeusi unaleta ukijivu. Kampuni isiyojua kazi inachukua rangi ya mtu mweupe inamwagia weusi juu yake, wekundu na unjano haipo, matokeo yake ni maiti. Poda nazo ni hivyo hivyo, kuna zile laini nyeupe, kwa macho hazionekani kabisa lakini ukipigwa picha na flashi chini ya macho na puani panatoka peupe pe. Jipige mwenyewe na simu yako, flashi ikiwa imewashwa, kabla hujaenda kwenye shughuli.

Nikiwa hapo hapo kwenye rangi, mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi iwe nyeupe. Naomba mama zangu mnisikilize na mama zangu wengine msinune. Mi nashika nyuso za watu na nikishika ngozi iliyopakwa mkorogo naijua, imekuwa nyembamba, inawasha, ina vimishipa, poda haishiki, na kwenye mashavu yameanza mabaka meusi yanayokwenda kwenye bluu ambayo hayatoki kwa kitu chochote. Yale mabaka yanaletwa na haidrokwinoni, dawa ya kuchubua inayowekwa humo, ikitumiwa muda mrefu. Zebaki nayo, inayowekwa humo humo, inaharibu figo. Zile krimu za steroidi ambazo hospitali unaandikiwa kwa ugonjwa wa ngozi kwa muda maalumu, mtu anazipaka uso mzima mwaka mzima. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi nchi hii ni marufuku, tangu 2019 wanaosimamia ni TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Na dunia nzima kuna mkataba wa Minamata wa 2013 unaobana zebaki, vipodozi vimo. Lakini marufuku kwenye karatasi na kinachouzwa kichochoroni ni vitu viwili, kwa hiyo geuza kopo usome, ukikuta neno calomel au mercurous au lolote linaloanza na mercur, rudisha. Kopo halina maandishi yoyote, kachanganyiwa kwenye kifuko, rudisha pia. Hakuna fandesheni itakayokaa vizuri juu ya ngozi iliyochomwa, hata nikiipaka mimi.

Haya tuje kwenye joto.

Tanga yetu mnaijua, bahari hapa, unyevu muda wote, kaskazi ikiingia Disemba mpaka Machi ngozi haikauki. Kusi ikianza kuna nafuu kidogo na hapo mwenye ngozi kavu anaweza kuongeza mafuta. Kaskazi punguza kila kitu. Asubuhi nawa, losheni nyepesi ya maji maji, subiri inywee, alafu sanskrini, ile krimu ya kukinga jua. Sanskrini jamani sio ya wazungu peke yao, hayo mabaka ya mashavuni na makovu meusi ya chunusi yanayokataa kutoka, jua ndo linayalisha kila siku. Chukua ya kuanzia namba 30 ya SPF, hiyo inazuia kama asilimia 97 ya ile mionzi inayounguza, ipake robo saa kabla hujatoka. Ukiona inakuacha mweupe tafuta ile ya jeli au yenye rangi ndani.

Baada ya hapo kwa siku ya kawaida mi sikushauri fandesheni uso mzima. Tumia konsila, ile krimu nzito ya kufunika madoa, au fandesheni hiyo hiyo, kwenye sehemu tu zinazohitaji. Kuzunguka mdomo, chini ya macho, pembeni ya pua, kovu la chunusi. Weka kidogo kwa kidole, joto la kidole linailainisha, bonyeza bonyeza usiburute, alafu pitisha sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa kingo zipotee. Mashavu yako mazuri yaache yaonekane ni ngozi. Mwisho poda kidogo kwa brashi kwenye paji, pua na kidevu basi. Ikifika mchana umelowa jasho usipake poda juu ya jasho, hapo ndo unatengeneza ule udongo, chukua tishu bonyeza jasho litoke kwanza alafu ndo poda kidogo. Na wale mnaopulizia spray ya nywele usoni ili mekapu isitoke acheni, ile ni ya nywele, itakuunguza ngozi na macho.

Sasa kuna jambo kwenye video za mekapu huwezi kulikuta kirahisi. Wengi humu ndani tunaswali. Adhuhuri inakukuta kazini, alasiri inakukuta kazini, na udhu unataka maji yafike kwenye ngozi. Hukumu zake waulizeni masheikh na maustadha wenu, mi nazungumza upande wa mekapu. Mtu akijipaka matabaka ya fandesheni na maskara ile isiyoingia maji, adhuhuri ikifika ana mawili, avue yote kwa tabu na mafuta na pamba chooni ofisini, au ashinde kujizuia toka asubuhi udhu usitenguke, tumbo linamuuma kwa ajili ya mekapu. Haifai. Mekapu ya mwanamke anayeswali aijenge toka mwanzo kwa kujua itavuliwa mchana. Maskara ile ya kawaida inayotoka kwa maji ya vuguvugu. Hakuna fandesheni, konsila tu sehemu mbili tatu. Lipstiki ya mafuta kidogo sio ile inayong'ang'ania masaa kumi na mbili. Na kwenye pochi kuna kisabuni, kitaulo kidogo, sanskrini, konsila, ile poda ya kioo, wanja na lipstiki. Ukishaswali, dakika tano umerudi ulivyokuwa, na ngozi yenyewe inakushukuru maana imepumua mchana. Kuna dada mmoja mteja wangu anafanya kazi ya kaunta, anakutana na watu toka asubuhi mpaka jioni, hiyo ndo staili yake na hakuna anayejua saa ngapi kavua na saa ngapi kapaka.

Nyusi. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu nimpake mtu, nampaka nyusi. Uso unabadilika hapo.

Chukua penseli yako ya wanja, isimamishe wima ikigusa pembeni ya tundu la pua, pale inapokutana na nyusi ndo nyusi inapaswa kuanzia. Pua ikiwa pana sogeza ndani kidogo nyusi zisiachane sana. Sasa angalia mbele kwenye kioo, ilaze penseli toka pembeni ya pua ipite ukingo wa nje wa mboni, hapo ndo nyusi inapanda juu kabisa. Ilaze zaidi ipite kona ya nje ya jicho, hapo ndo inaishia. Ukishajua hizo sehemu tatu huwezi kukosea sana. Mwenye uso wa mviringo aiinue kidogo pale katikati, uso unarefuka. Mwenye uso mrefu aiache imelala, akiiinua anaongeza urefu juu ya urefu. Mwenye taya pana asichore kona kali, alainishe.

Alafu namna ya kuchora, usichore boksi alafu ujaze ndani. Chora vinywele, vistari vifupi vinavyopanda juu, anzia katikati ya nyusi kwenda nje ndo kuwe na rangi zaidi, mwanzo kule karibu na pua kuwe hafifu kabisa, alafu chana na brashi ile kama ya maskara. Rangi tumia kahawia iliyokolea, wanja mweusi ti kwenye nyusi mchana kweupe unamfanya mtu aonekane kakasirika. Na kutinda, tafadhali, toa vya chini vilivyotawanyika tu, vya juu acha. Tuna mama zetu hapa walitinda mpaka zikaisha enzi zile za nyusi za uzi, na ukizing'oa miaka na miaka vingine havioti tena. Wasiotinda kwa ajili ya dini hawana hasara yoyote, zichane kwenda juu, pitisha jeli kidogo zilale, nyusi nene zilizochanwa zinapendeza kuliko za kuchora.

Macho. Wanja ndo wa kwetu toka zamani, bibi zetu hawakuwa na maskara lakini kidau cha wanja hakikosekani kwenye meza ya kioo pembeni ya marashi na udi. Ila sio kila jicho linataka wanja mahali pale pale. Jicho dogo ukilizungushia wanja mweusi ndani juu na chini unalifunga kabisa, weka nje chini ya kope, theluthi ya mwisho tu kwenda kona ya nje, na juu mstari mwembamba. Macho yaliyoingia ndani yanataka kitu cha kung'aa kidogo kwenye kigubiko cha jicho, rangi nyeusi pale inayazamisha. Macho makubwa yaliyojitokeza ndo yanabeba wanja, haya ukiyapaka ndani yanatulia, na kigubiko kipake kahawia isiyong'aa. Wenye macho ya kurembua, yale ya usingizi, nyie kunjeni kope muweke maskara juu tu, chini acheni, inatosha na inazidi. Kope za bandia za kila siku sizipendi, gundi na jasho la hapa havielewani.

Wanja wa manga wa kusaga, nauheshimu, lakini kuna unaotengenezwa na madini yenye risasi ndani, risasi ile ya sumu, na inaingia mwilini. Kama hujui umetoka wapi na una nini ndani usiuweke jichoni, na mtoto mchanga usimpake kabisa. Na tusipeane wanja wala maskara. Mnakumbuka mwanzo wa 2024 ule ugonjwa wa macho mekundu ulivyopita nyumba hadi nyumba? Mdada ana macho mekundu leo, kesho kaazima wanja wa shoga yake, na shoga yake kaazima dada yake.

Mdomo. Wengi wetu mdomo wa juu umekolea na wa chini una upinki, ni maumbile, ndo uzuri wenyewe. Ila ukipaka lipstiki moja rangi zinatoka mbili. Zungusha penseli ya kahawia kwenye ukingo, alafu ile ile isambaze kidogo kwenye mdomo wa chini pale penye upinki ili ulingane na wa juu, ndo upake lipstiki. Rangi za kila siku zinazotukaa ni damu ya mzee, kahawia yenye wekundu, zambarau iliyoiva, na nyekundu ile inayokwenda kwenye bluu inafanya meno yaonekane meupe, nyekundu inayokwenda kwenye rangi ya chungwa inayatoa unjano. Achaneni na zile rangi za mwili ambazo ni nyeupe kuliko mwili wako, mdomo unakuwa kama umekunywa uji haukupangusa. Na midomo minene isichorwe ndani ya mstari ili ionekane midogo, jamani watu wanalipa hela hospitali kuipata hiyo.

Shavuni sina maneno mengi, chukua lipstiki hiyo hiyo ya damu ya mzee, nukta mbili, isambaze kwa kidole kuelekea sikioni, ukiwa na uso mrefu isambaze kwenda pembeni badala ya juu. Ile blashi ya pinki ya maziwa tuwaachie wenyewe. Kontua ya kuchonga pua kwa siku ya kazi sioni haja, pua yako anaijua kila mtu wa mtaani kwako.

Kitu kingine wavaa ushungi, rangi ya mtandio inajirudisha usoni. Ukivaa wa njano mkali au wa kijani kibichi uso unaonekana mgonjwa hata ukipaka vipi, siku hiyo ongeza rangi ya mdomo na shavu. Mweupe unaangaza uso, siku hiyo punguza.

Usiku lazima itoke. Mafuta ya nazi tunayo na yanayeyusha mekapu vizuri sana hata wanja mgumu, ila kwa wenye mafuta mengi usoni yanaziba vitundu na chunusi zinakuja, kwa hiyo yakishatoa mekapu nawa na sabuni laini yatoke nayo yenyewe, usilale nayo. Liwa, ule mti wa kunukia, na singo, ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi, za kwetu ni nzuri mara moja kwa wiki, liwa lisagwe na maji ya waridi upake likauke ulioshe, ila usisugue singo juu ya chunusi mbichi, unazisambaza. Brashi na sponji zifueni kila wiki na shampuu, mzianike kivulini. Na geuzeni chupa, kuna kichoro kidogo cha kopo lililofunguliwa kifuniko, ndani imeandikwa 6M au 12M, maana yake tangu siku uliyofungua una miezi hiyo. Maskara ni miezi mitatu tu. Na kwa joto letu ukiiacha mekapu kwenye dirisha lenye jua au ndani ya gari hata hiyo miezi haifiki, lipstiki ikitoa jasho na kunuka kama mafuta ya zamani itupe.

Kabla sijakaa, mama mmoja kaniletea karatasi anauliza binti yake kamaliza fomu foo anataka mekapu na yeye mama hataki. Mama, mi naona mkubaliane, mpe sanskrini, jeli ya nyusi na mafuta ya mdomo yenye rangi kidogo, na ukae naye siku hiyo ya kioo umuonyeshe uso wake. Ukimkatalia kila kitu ataenda kununua kifuko cha kichochoroni bila wewe kujua, na huko ndo kwenye mkorogo.

Na huyu mwingine anauliza kama hela haitoshi aanze na kipi. Sanskrini kwanza, penseli moja ya kahawia ambayo utaitumia kwenye nyusi na kwenye mdomo, lipstiki moja ya damu ya mzee ya mdomo na shavu. Konsila mwezi unaofuata, na hiyo usiagizie mtu, nenda mwenyewe na taya lako.

Haya, viti viwili vipo pale dirishani penye mwanga, mwenye fandesheni yake kwenye pochi aje nayo tuipime sasa hivi. Mama zangu waanze.